Ngojeni, Narudi

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha katikati ya ibada nami sikuisikia. Nilikuwa nahubiri juu ya upendo, macho yangu yakiwa benchi la tatu, alipokaa mke wangu na kilemba cha zambarau kama malkia aliyekuja kukagua askari wake. Mke wangu. Tumefunga ndoa mwezi uliopita, na bado nikiamka asubuhi nashangaa kumkuta hapo, shavu kwenye mto, kana kwamba mtu amenisahaulia johari kitandani.

Baada ya ibada Katibu wa wazee wa kanisa alinivuta pembeni. Katibu ni mwembamba, amenyooka kama rula, na sijawahi kuyaona meno yake.

"Mchungaji, mahubiri yalikuwa mazuri," alisema. "Ila umehubiri upendo tangu uoe. Wamo watu humu ndani wenye mambo mengine."

Nilipomsimulia Malkia wangu nyumbani alicheka mpaka akaushika ukuta. "Wewe kondoo," akaniambia. Kanisa zima linaniita Mchungaji, yeye peke yake ananiita kondoo. Naomba asiache kamwe.

Jumanne, 8 Oktoba

Kila asubuhi Malkia akienda saluni (ni msusi, na mikono yake ina kasi ambayo bado sijaizoea) husimama mlangoni, mwavuli kwapani, na kusema neno moja: "Narudi." Leo nimemwuliza kwa nini haniagi kama watu wengine.

"Kwaheri ni ya wanaoondoka," akasema, na akaondoka.

Nimekaa na sentensi hiyo asubuhi nzima badala ya kuandaa somo la kipaimara.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo amekuja mama anayepiga kengele ya kanisa. Wote wanamwita Mama Kengele, na nadhani hata yeye amelisahau jina lake jingine. Ni mdogo wa umbo, lakini akiivuta ile kamba, mtaa mzima unajua kama ni ibada, harusi au msiba. Alikaa ukingoni mwa kiti, matone ya mvua yakidondoka kutoka kwenye khanga yake.

"Baba Mchungaji," alisema. Ananiita baba, na mimi nalingana na mtoto wa dada yake. "Nataka umtembelee mzee wangu. Moyo wake umechoka. Miguu imevimba. Daktari amesema tukae naye tu nyumbani."

"Nitakuja, Mama. Nitamwombea."

"Hapo ndipo kazi ilipo," akasema, na akanieleza.

Mumewe ni fundi cherehani, na alitengwa na kanisa hili miaka mingi kabla sijafika. Sheria ya hapa naijua, nilisomewa na Katibu wiki ya kwanza, neno kwa neno: aliyetengwa hazikwi na kanisa. Hapati mchungaji, hapati nyimbo, hapati kengele. Mpaka arudi kundini. Na kurudi si kazi kubwa. Mtu husimama mbele ya washarika na kusema, "Narudi." Kama ni mgonjwa, hulisema nyumbani kwake mbele ya mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Neno hilo tu, basi.

"Kila aliyekufa hapa nimempigia," alisema Mama Kengele. "Hata waliokuwa wakinisengenya nimewapigia. Sasa wangu nisimpigie?"

Nilipopiga magoti jioni, kilichonitoka mdomoni kilikuwa asante kwa ajili ya mke wangu. Nikajaribu tena. Asante tena. Mgonjwa anahitaji mtu anayejua kuomba, nami siku hizi najua kushukuru tu. Sijui kama hiyo ni imani au ni fungate.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimehubiri juu ya uvumilivu. Katikati nikajikuta nimeshafika kwenye upendo. Katibu amekohoa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemtembelea Fundi. Nilivaa koti langu la harusi, maana nilitaka aone kwamba nimemheshimu.

Anakaa sebuleni kwenye kiti cha mto, miguu juu ya kigoda, cherehani pembeni ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama muda mrefu.

"Nani alikushonea koti hilo?" aliuliza. "Mna ugomvi?"

Mama Kengele alicheka jikoni. Nikasema ni koti la harusi yangu.

"Aa, bwana harusi. Basi bibi harusi anakupenda kweli. Mabega hayo yamepishana kama watu waliogombana. Vua."

"Mzee, nimekuja kukuona wewe."

"Utaniona vizuri zaidi ukiwa umevua. Halafu sikiliza, kijana. Njoo siku yoyote utakayo. Lakini usiniombee."

Nimesomea kuombea watu. Ukiniondolea hilo nabaki na nini? Nilivua koti. Alifumua bega la kushoto kwa sindano, polepole, akipumua kwa shida, nami nikakaa nikimtazama kwa saa nzima kama mtoto aliyepelekwa kupimwa sare. Nilikwenda kuhudumu, nimerudi nikiwa nimehudumiwa, na bila koti.

Jumanne, 22 Oktoba

Malkia amenieleza kisa cha Fundi. "Saluni yangu ina wazee wa kanisa wengi kuliko baraza lako," alisema, akimenya viazi, "wake zao wote wako kwenye viti vyangu."

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Alikufa kabla hajaanza shule. Makaburini, mchungaji wa wakati huo alisimama akasema Mungu ni mtunza bustani, na ua zuri kuliko yote ndilo alilolichuma. Fundi akasema, mbele ya watu wote, "Mchungaji, nyamaza." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Baraza likamtaka aombe radhi. Hakuomba. Wakamtenga. Mama Kengele aliendelea kuja kanisani, yeye akabaki nyumbani akishona, na kila Jumapili alimpigia pasi khanga yake ya kwendea ibadani.

Yale maneno ya mtunza bustani na ua nayajua. Yamo kwenye masomo yangu ya chuo, chini ya kichwa cha habari cha misiba. Nilikuwa nimeyapigia mstari kwa sababu yalinipendeza.

"Mbona umenyamaza?" Malkia aliuliza.

"Ningekuwa mimi pale makaburini, ningeyasema."

Alinipangusa mdomo kwa kiganja chake chenye maji ya viazi. "Ndiyo," akasema. "Ungeyasema vizuri sana." Mpaka sasa sijui kama nimesifiwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Watu wachache. Sikuhubiri upendo. Sikumbuki nilihubiri nini.

Jumatano, 30 Oktoba

Bega la kushoto limekwisha, limekaa kama limezaliwa nami. Fundi ameanza kufumua la kulia. Tumezungumza juu ya ndoa. Aliniuliza kama mke wangu anakoroma, nikasema hapana, akasema bado mapema.

Nilipiga moyo konde. "Mzee, mama anataka urudi kundini. Ni neno moja tu."

"Najua ni moja. Ndiyo maana ni zito."

"Ungelisema kwa ajili yake, basi."

"Kijana," akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "unataka nimwambie Mungu jambo kwa sababu mke wangu ameniomba? Wewe mahubiri yako yote unayahubiri kwa sababu ya mke wako, kwa hiyo huoni ubaya." Kisha akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Amenichoma, na sina hakika kama amekosea. Nilirudi nikiwaza: mimi nataka arudi kwa ajili yake, kwa ajili ya mama, au ili Katibu aone kwamba kijana huyu wa upendo ameweza jambo? Nikilivuta upande mmoja linafumuka upande mwingine.

Jumapili, 3 Novemba

Katibu ameniuliza Fundi amefikia wapi. Nikasema bega la kulia. Hakucheka.

Jumanne, 5 Novemba

Lazima niandike haya usiku huu huu.

Mvua ilianza mchana, na si mvua ya kawaida. Ilimwagika kama mtu anayetupa maji ya kufulia. Kufikia saa kumi njia ya kutoka sokoni ilikuwa mto. Saa ambayo Malkia hurudi ikapita. Simu yake haikupatikana. Nilisimama mlangoni. Nikaenda mpaka kwenye kona, maji yakanifika magotini, watu wakanirudisha. "Mchungaji, huko hakupitiki." Mmoja akasema kuna ukuta umeanguka upande wa saluni.

Nikarudi ndani nikapiga magoti. Mimi, niliyefundishwa maombi ya asubuhi, ya jioni, ya wagonjwa, ya wasafiri na ya mvua, sikupata hata mstari mmoja. Nilikuwa nasema neno moja tu. Arudi. Arudi. Arudi. Wala sikusema "Ee Bwana" wala "amina." Na nilijua, kwa uwazi ulionitisha, kwamba kama mtu angeingia sasa hivi akaniambia habari za mtunza bustani, ningemwambia jambo baya kuliko nyamaza.

Aliingia giza likianza kushuka, viatu mkononi, nywele za mteja bado zimemganda kwenye blauzi. Walikuwa wamejifungia ndani wakisubiri maji yapungue. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Kondoo, unaniumiza mbavu."

"Simu je?"

"Imelowa. Si nilikwambia narudi?"

Nimelia, sioni haya kuliandika. Sasa amelala, nami namtazama na namwaza Fundi, ambaye mtoto wake hakurudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilikwenda kwa Fundi bila Biblia. Nikamweleza habari za Jumanne, zote. Alisikiliza, sindano ikiwa hewani.

"Kwa hiyo hukuomba," alisema.

"Sijui, Mzee. Nilisema neno moja tu."

"Uzi umeniishia," akasema, akainuka kwa fimbo yake, akaenda chumba cha ndani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakuwa na uzi, akaendelea kushona kwa ule ule uliokuwa sindanoni. Nilidhani uzee.

Jumanne, 12 Novemba

Fundi amefariki. Niandike kwa utaratibu.

Katibu alisema leo tutakwenda wawili, mchungaji na mzee wa kanisa, kama sheria inavyotaka, na jambo liulizwe waziwazi. Nilijaribu kumzuia. Akasema, "Mchungaji, ukiendelea kusubiri, koti lako litakwisha na mtu wako atakuwa hana kengele." Nikaona hakukosea, nikafuatana naye.

Mama Kengele alikuwa jikoni akichemsha chai. Fundi alikuwa na bega la kulia mapajani. Alimtazama Katibu toka juu mpaka chini.

"Suruali hiyo nilikushonea mimi," alisema.

"Ndiyo. Bado ni nzima."

"Na wewe bado ni yule yule."

"Ndiyo," akasema Katibu. Akakaa wima, mikono magotini, na akauliza bila kuzunguka: "Fundi, unarudi au hurudi?"

Mvua ilikuwa inagonga bati. Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho ningetoa chochote nikijue. Akachomeka sindano kwenye koti.

"Uzi umeniishia," alisema. Akaishika fimbo yake, akainuka. Mlangoni pa chumba cha ndani aligeuka nusu. "Ngojeni," akasema. "Narudi."

Tukangoja. Tulisikia fimbo ikianguka.

Nilimfikia wa kwanza. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, kana kwamba amepumzika tu. Mama Kengele aliingia na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini taratibu kisimwagike, akakaa kando ya mumewe, akamshika mkono. Mara ya kwanza tangu niwe mchungaji, sikusema lolote, na haikuwa busara. Nilikuwa sina neno.

Jumatano, 13 Novemba

Baraza limekaa asubuhi. Usingizi sikuupata. Nilimwuliza Malkia nifanye nini. Fundi alisema narudi, lakini alikuwa anafuata uzi. Nikisema neno bila uzi, nimedanganya? Nikisema na uzi, mama atamzika mumewe kimya.

"Wewe unaamini alikuwa anasema nini?" aliuliza.

"Sijui."

"Basi kaseme unachokijua."

Lakini najua vyote viwili, neno na uzi. Niliingia barazani navyo.

Mwenyekiti, mzee mwenye miwani ya kamba, alifungua kwa sala, kisha akauliza kama marehemu alirudi kundini. Katibu alisimama.

"Nilimwuliza mwenyewe: unarudi au hurudi? Akajibu: narudi."

"Mchungaji alikuwepo?"

Wote wakanigeukia. Nikasimama. "Nilikuwepo. Alisema narudi. Ila, wazee wangu, alikuwa anainuka kwenda…"

"Mchungaji," Katibu akanikata, akitazama ukutani mbele yake. "Umeulizwa alisema nini. Hukuulizwa alikuwa anakwenda wapi."

Nilimtazama mtu huyu aliyenisomea ile sheria neno kwa neno. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Sijui kama alikuwa anaishika sheria au anaifumua.

"Alisema narudi," nikasema. Nikakaa.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi amerudi," akasema.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumemzika. Mvua haikutuhurumia.

Nilivaa koti. Bega la kushoto limekaa sawa, la kulia Malkia amelishikiza kwa pini, kwa sababu nilikataa lipelekwe kwa fundi mwingine. Vijana walitaka kumsaidia mama kwenye kamba. Alikataa. Kengele ya msiba hupigwa polepole, pigo, kimya, pigo, na kamba ilikuwa imelowa ikimteleza mikononi. Nilipotoka mlangoni mwa kanisa niliona kitu ambacho nisingemwamini mtu angenisimulia: Katibu amesimama nyuma ya Mama Kengele, ameshika mwavuli juu ya kichwa chake, yeye mwenyewe analowa chepechepe, amenyooka vile vile kama rula. Walikaa hivyo mpaka pigo la mwisho.

Makaburini zamu yangu ilifika. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nikazikunja nikazitia mfukoni. Nikasema jina lake, jina la mkewe, jina la mtoto wao, na nikaacha watu wasikie mvua. Baadaye mzee mwenye miwani aliniambia yalikuwa mafupi mno. Mama Kengele alinishika mkono.

Jumapili, 17 Novemba

Jioni nimekwenda na Malkia kumwona mama. Cherehani imefunikwa. Wanawake walikuwa wameondoka, tukabaki watatu. Malkia alikaa nyuma yake, akaanza kumfumua nywele zilizokuwa zimejisokota tangu msiba, taratibu, bila kuulizwa.

Sikuweza kuendelea kulibeba. Nikamwambia yote: swali la Katibu, jibu, uzi, baraza. "Mama, usije ukasikia kwa wengine. Huenda alikuwa anafuata uzi tu."

Alicheka, kicheko kidogo kilichomtoka puani.

"Uzi ulikuwa pale pale," alisema. "Kwenye kopo karibu na mguu wa kiti chake. Mweusi, mpya. Nilimwekea asubuhi mwenyewe."

Mikono ya Malkia ikasimama.

"Huyo mzee alikuwa hivyo," aliendelea mama. "Akitaka kulia husema uzi umemwishia. Ataingia chumbani, atakaa, atarudi macho makavu, na mimi sitauliza. Tangu tumzike mtoto, Baba Mchungaji, ameishiwa uzi mara nyingi sana."

Nikaikumbuka Alhamisi ile niliyomsimulia habari za mafuriko. Kwa hiyo aliulizwa unarudi au hurudi, akainuka kwenda kulia, akasema narudi. Kurudi wapi? Sebuleni kwetu, au kundini, au alipo mtoto? Naligeuza neno hili kila upande na kila upande lina bitana. Mama hakuonekana kusumbuka.

"Basi alimjibu Katibu, Mama?" nilimwuliza. "Unaona alijibu?"

"Kwangu mimi alikuwa anarudi kila mara," akasema. Akamgusa Malkia goti. "Hapo umebana mno, mwanangu. Legeza."

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi mawingu bado mazito. Malkia amefunga kilemba cha zambarau, akachukua mwavuli, akasimama mlangoni.

"Narudi," amesema.

Nilitaka kumwuliza njia gani atapita, saa ngapi, na kama simu imepona. Koti langu lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, pini zikimetameta begani. Nikamkumbuka Katibu barazani, na lile lake la 'hukuulizwa alikuwa anakwenda wapi', nikajizuia.

"Nakungoja," nimesema.